Simu ya Mama Nyaga na Mbuzi wa Mahari

Ukiajiriwa kwenye kaunta ya kampuni ya simu, mwanangu, watakupa kwanza shati lenye nembo, halafu kiti kinachozunguka, halafu sentensi ya kusema. Yangu ilikuwa: "Karibu, naitwa Kendi, nikusaidie vipi?" Niliisema miaka mingi, Meru mjini kwanza, kisha Embu, mpaka Jumapili moja nikamwambia padri hivyo hivyo aliponipa mkono mlangoni mwa kanisa. Shati nililirudisha nilipostaafu. Kiti kilikuwa kimeshavunjika. Sentensi ndiyo niliyobaki nayo, na mzee wangu analalamika kwamba namkaribisha usingizini.

Wachache wenu mmepata kazi hiyo juzi na mmekuja hapa kwangu Kianjai kuniuliza siri yake. Siri ni moja, na sikuivumbua mimi. Niliipata kwa Bi. Kagendo, mama mnene mwenye miwani ya kamba aliyenifundisha kazi kule Meru. Alisema hivi: usimwambie mteja kamwe kwamba simu yake haina shida. Simu inaweza kukosa shida, lakini mtu hapandi gari asubuhi kuja kukuona kama yeye mwenyewe hana shida. Kwa hiyo muulize anafanya kazi gani na simu inalala wapi.

Mimi nilidhani ni udaku. Mpaka alipokuja mzee mmoja ambaye simu yake ilikuwa bubu. Inaita, haisikiki. Vijana wa ufundi walikuwa wameshashika bisibisi waipasue. Bi. Kagendo akauliza, "Baba, unafanya kazi gani?" Mzee akajibu kwamba ana kinu cha kusaga mahindi. Bi. Kagendo akatoa mswaki mkavu kwenye mkoba, akasugua tundu la spika, unga ukamwagika kaunta nzima. "Baba," akasema, "simu yako haijaharibika. Imeshiba." Toka siku hiyo nami nikanunua mswaki wa kazi. Nunueni na nyinyi. Ila muutie alama, kwa sababu meneja wetu mmoja aliukuta bafuni mwa ofisi akautumia.

Siku hizi mteja anaandikia mashine, mashine inamjibu "pole kwa usumbufu" na kumpa namba ya kusubiri. Sina ugomvi na mashine, haichoki na haiendi kunywa chai. Lakini mashine ingemsaidiaje Mama Nyaga? Wacha niwaeleze huyo, maana kila nikikumbuka kaunta ya Embu namwona yeye kwanza.

Jina lake hasa ni Ciarunji, lakini kila mtu Ishiara alimwita Mama Nyaga, kwa jina la kijana wake wa kwanza. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Siku hiyo aliingia dukani kwetu amevaa buti za mvua na hakukuwa na mvua, akapita foleni yote kama haioni, akafungua leso na kuweka simu mbele yangu. Ilikuwa simu yetu ya mkataba, zile ambazo unachukua leo na kulipa kidogo kidogo, na ukiacha kulipa inajifunga yenyewe.

"Hii simu yenu imevunja ndoa," akasema.

Nikampa pole. Nikamuuliza kama mzee ameondoka nyumbani ama yuko tu.

"Si ndoa yangu! Ya Nyaga. Yangu nani ataivunja? Mzee hata simu hana."

Nikamvutia kiti, kama nilivyofundishwa, nikamwacha aongee. Foleni nayo ikasogea karibu kusikiliza.

Kijana wake Nyaga alikuwa anataka kumwoa msichana wa Kibugu anayeitwa Wawira. Kibugu, kwa wale ambao hamjafika, ni juu kabisa, karibu na msitu wa mlima, watu wanalima chai na wanavaa sweta hata saa sita mchana. Mazungumzo ya ruracio, yaani ya mahari, yalikuwa yameenda vizuri, kilichobaki kilikuwa kupeleka mbuzi wa mahari. Kwa kuwa mbuzi ndio kazi yake, familia ikamwachia Mama Nyaga achague. Asubuhi ya siku ya soko akampigia mama wa msichana, Mama Wawira, wakakubaliana tarehe, wakaagana vizuri, akaitumbukiza simu kifuani ndani ya blauzi na kurudi kazini.

Mchana jua lilikuwa limewaka kweli kweli. Mama Nyaga alikuwa na mbuzi wawili ambao hata mchinjaji alikuwa amewatazama na kwenda zake. Akamwambia mwanamke mwenzake wa soko, kwa sauti ya soko:

"Hizi mbili tunapeleka Kibugu. Watu wa majani chai wanajua nini na mbuzi? Na kule kuna ukungu, hawataona mbavu."

Wakacheka. Walipomaliza kucheka, sauti ndogo ikatoka ndani ya blauzi.

"Mbavu tunaziona vizuri sana, Mama Nyaga."

Wateja kwenye foleni wakaguna. Mwanamume mmoja aliyekuja kubadilisha laini akashika kichwa.

Simu ilikuwa imempigia Mama Wawira yenyewe, na yeye kule juu alikuwa amesikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho. Jioni ile ile ujumbe ukaja kwamba wazee wa Kibugu wasisumbuliwe tena. Nyaga hakula. Mpaka siku hiyo tulipozungumza alikuwa haongei na mama yake, akila anaacha sahani mlangoni na kuondoka.

"Sasa mnanibadilishia simu," Mama Nyaga akasema, "halafu mnakuja na mimi Kibugu muwaambie watu ni simu ilifanya."

Nikamuuliza polepole, "Mama, simu ilipiga, sawa. Lakini yale maneno yalikuwa ya nani?"

Akanitazama kama mtu anayepima mbuzi.

"Maneno ni yangu," akasema. "Lakini sikuyatuma."

Nimesikiliza malalamiko mengi maishani, wanangu, na sijawahi kusikia lililonyooka kama hilo.

Basi nikaichukua simu. Nikaibonyeza, nikaitikisa, nikaipiga, nikaiweka kaunta tukaitazama. Ikatulia kama mtoto aliyeletwa kwa daktari na homa ikapona mlangoni. Nikaituma kwa mafundi wetu Nairobi. Ikarudi na jibu kwamba haina kasoro. Nyaga, pamoja na hasira zake, akairekodi kwa simu ya rafiki yake, kioo kikichezacheza chenyewe. Nairobi wakasema huenda kuna kidole upande ambao hauonekani. Nikaituma tena. Safari hii wakasema mteja anaibonyeza na kifua, aibebe kwenye mkoba.

Nilimsomea Mama Nyaga jibu hilo nikiwa nimejisogeza nyuma kidogo.

"Ati kifua changu?" akasema. "Kifua changu kimesoma shule gani kikajua namba ya Mama Wawira?"

Mkiwa upande ule mwingine wa kaunta, yaani nyinyi ndio wenye simu mbovu, jifunzeni kwake. Hakuwahi kumtukana askari wa mlangoni. Alikuja kwa mtu yule yule kila mara, yaani mimi, mpaka nikaanza kujificha nikiona buti zake. Na hakuacha kulipa, kwa sababu alijua simu ikijifunga kampuni itasema shida ni yeye. Alikaa tu pale kwenye kiti, akawa anawaeleza wateja wapya yaliyompata na watu wa Kibugu. Mauzo ya simu za mkataba yakaanza kushuka.

Ndipo nikakumbuka swali la Bi. Kagendo. Nilikuwa nimeuliza kazi, sikuwa nimeuliza simu inalala wapi. Nikamuuliza Mama Nyaga inajipigia saa ngapi. Mchana. Imewahi kujipigia usiku? Hapana. Ukiwa hapa Embu? Hapana, hapa ni baridi. Na kule Ishiara ukiwa kivulini? Akafikiri. "Kivulini inatulia. Ni kwa jua inapata wazimu."

Kumbe ndivyo. Kioo kilikuwa kikipata joto kinajibonyeza chenyewe. Embu hakuna joto la namna hiyo, na Nairobi walikuwa wanaipimia ofisini, dirisha wazi, feni inazunguka.

Nikampelekea habari hiyo meneja wetu, Bwana Murithi. Alikuwa mtu mzuri, mwenye tai, lakini hakupenda kubishana na Nairobi. "Kendi, wameshasema haina kasoro. Mimi ni nani?" Nikamwomba twende Ishiara aone mwenyewe. Akasema hana mafuta ya gari ya kwenda kutazama simu.

Sikubishana. Nilijua Bwana Murithi anapenda kitu kimoja duniani, nacho ni kuongea kwa maikrofoni. Kesho yake nikamwambia kwamba soko la Ishiara lina watu wengi ajabu, na hakuna kampuni ambayo imewahi kupeleka hema pale na mtu mwenye sauti nzuri. Mafuta ya gari yakapatikana.

Halafu nikampigia Mama Nyaga. Nikamwambia asubuhi ya soko ampigie Madam Nasimiyu, msimamizi wa mafundi kule Nairobi. Yeye ndiye alikuwa ametia sahihi yale majibu ya kifua, na namba yake tulikuwa nayo. Amsalimie vizuri, aulize simu yake itasaidiwa lini, na baada ya hapo asimpigie mtu mwingine yeyote.

"Kwa nini nisipige?"

"Mama, wewe fanya tu."

Alikuwa mfanyabiashara. Nikasikia akicheka kwa pua.

Siku ikafika. Bwana Murithi akasimama chini ya hema akahubiri habari za bando mpaka koo likakauka. Alipokaa kunywa soda, Mama Nyaga akaja na simu yake. Nikavuta meza ndogo nje ya kivuli, tukaiweka simu juu yake, kioo juani, na nikawaomba watu wote wasogee nyuma. Mikono yangu nikaiweka mgongoni ili asije mtu kusema habari ya kidole. Mama Nyaga naye akafunga mikono kifuani, kwa kiburi.

Tukangoja. Bwana Murithi alikuwa analowa jasho, tai imelegea, anatazama mbuzi wakipita. Mimi macho yangu yako mezani. Kioo kikawaka. Kikaanza kuruka, kikafungua hiki kikafunga kile, kikafika mahali pa simu zilizopigwa, na hapo nikaona jina la Madam Nasimiyu likitokea kubwa, na sekunde zinaanza kutembea. Amepokea.

Hapo mtu mwema angesema jambo. Mimi nilimgeukia meneja nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, niko karibu kabisa na meza:

"Meneja, kwani hawa mafundi wa Nairobi huwa wanazipimaje simu zetu?"

Jua la Ishiara linamfungua mtu. Bwana Murithi akavuta pumzi, na yote aliyokuwa ameyameza miaka hiyo yakatoka.

"Wanapima? Hao hupima nini! Mmoja ana mikono ya kukamua ng'ombe, mwingine hajawahi kutoka kwa ile ofisi. Na yule mkubwa wao anatia sahihi hata kama umempelekea kiatu. Ukimpelekea kiatu atakuandikia kiatu hakina kasoro!"

Nikaokota simu, nikaisikiliza, nikamkabidhi.

"Meneja, ni wewe unatakiwa. Madam Nasimiyu."

Sijawahi kuona mtu akipoa haraka vile kwenye jua kali vile. Akaiweka sikioni kama kitu kinachouma.

"Bwana Murithi," tulisikia wote, kwa sababu yule mama alikuwa na sauti, "hicho kiatu ulinitumia lini?"

"Madam… Madam, mimi sikupiga! Nakuapia, hakuna mtu amepiga, simu ilikuwa mezani, imejipigia yenyewe!"

"Imejipigia?"

"Yenyewe kabisa! Hakuna aliyeigusa, kuna mashahidi, soko lote liko hapa!"

Mama Nyaga akajisogeza mpaka karibu na sikio la meneja.

"Sasa umeona," akamwambia. "Maneno ni yako, lakini hukuyatuma."

Yule Madam, ninavyomshukuru mpaka leo, akaangua kicheko. Alicheka mpaka Bwana Murithi akaanza kucheka pia, kile kicheko cha mtu asiyejua kama bado ana kazi. Kazi alikuwa nayo. Na papo hapo Madam akasema simu nyingine itaandaliwa na kuletwa Embu, na ile mbovu apelekewe yeye mwenyewe mkononi, ataiweka juani juu ya paa na kuwaita mafundi wake wote waitazame.

Ningekuwa mimi ningeishia hapo. Mama Nyaga hakuishia hapo. Alimshika Bwana Murithi mkono wa shati. "Na Kibugu?" Meneja, ambaye dakika chache nyuma angetaja sera za kampuni, sasa alikuwa ameshayaonja mwenyewe yaliyompata mama huyu. "Kibugu tutaenda," akasema.

Tukaenda Jumamosi, kabla simu mpya haijafika. Asubuhi hiyo Mama Nyaga alikuwa amempigia Mama Wawira kuomba tupokelewe, na hakumpigia mtu mwingine. Mama Nyaga, Nyaga, meneja na mimi. Nyaga alikaa kwenye gari ametazama dirishani safari nzima. Kadiri tulivyopanda ndivyo dirisha lilivyozidi kuingia ukungu, na Mama Nyaga akawa anautazama huo ukungu bila raha.

Mama Wawira alitupokea kwa adabu kali, zile ambazo chai inaletwa bila neno. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso juu ya sweta mbili. Baba Wawira alikuwepo pia, lakini alikunywa chai tu na kutikisa kichwa kila upande aliosikia sauti. Wawira mwenyewe aliingia kusalimu, akampita Nyaga kama anapita kabati, kisha akasimama mlangoni na hakuondoka.

Bwana Murithi akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa majina ya vipuri na kila kitu. Mama Wawira akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi tuione ikijipiga," akasema.

Tukaiweka mezani. Ikakaa. Chai ikapoa, simu imetulia kabisa. Nilikuwa nimesahau, mimi niliyejifanya mjuzi, kwamba Kibugu ni baridi kuliko hata Embu.

"Mbona imenyamaza?" Mama Wawira akauliza. "Inaogopa wageni?"

Nyaga akainamisha kichwa. Bwana Murithi akanitazama mimi. Nikasema, "Mama, inataka joto. Ungekuwa na jiko…"

Akainuka, akaichukua kwa ncha za vidole, akatuongoza jikoni na kuiweka kwenye kigoda kando ya moto. Msiige hilo, betri si kitu cha kukaanga. Tulisimama sote pale jikoni, moshi machoni, tunakitazama kigoda. Kioo kikaanza kucheza. Kikaruka huku na kule, na mara kitu kikalia ndani ya leso ya Mama Wawira.

Akaitoa simu yake, akatazama jina, akatazama kigoda. Hakuna aliyekuwa karibu nacho. Akaipokea kabisa, akaiweka sikioni, akasema "Haloo?", na sauti yake ikajibu kutoka kwa moto. Wawira ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akajishikilia mlangoni, na Nyaga aliposikia kicheko hicho akainua uso kwa mara ya kwanza toka asubuhi.

Mama Wawira hakucheka. Alisubiri watulie.

"Kwa hivyo simu ni mbovu kweli," akasema.

"Kweli, mama," meneja akasema. "Na tumeshaagiza ya kumbadilishia. Wiki ijayo hivi."

"Hapana."

Tukatazamana.

"Mimi hii simu imenisaidia," akasema Mama Wawira. "Bila hii ningeletewa mifupa. Mkitaka tuongee tena, muache mama akae nayo hivyo hivyo, aende nayo soko, achague mbuzi akiwa nayo kifuani. Mbuzi zikifika hapa nikizishika, hapo sasa mtambadilishia."

Mama Nyaga akafungua mdomo. Akamtazama kijana wake. Akaufunga. Halafu, na hili nilimheshimu sana, akacheka kwanza yeye, akampa mwenzake mkono. "Umenikamata, Mama Wawira. Nitakuletea zile huwa nauzia hoteli."

Bwana Murithi alilazimika kumpigia Madam Nasimiyu na kumweleza kwamba mteja ameomba kuendelea kuwa na simu mbovu kwa muda, kwa ombi la wakwe. Naambiwa Madam aliuliza mara mbili kama ni yeye anayepiga au ni simu.

Mbuzi walipelekwa. Nyaga alinieleza baadaye kwamba hakuwahi kumwona mama yake akinunua mbuzi kimya namna ile. Alikuwa anaonyesha kwa kidole tu na kuafikiana bei kwa kutikisa kichwa, midomo ameibana. Mama Wawira alimshika kila mbuzi mbavu, akatafuta mfupa kwa vidole asiupate. Arusi ilifungwa, na mimi nilikaa meza ya wakwe, nisijue vizuri niko upande wa nani.

Siku ya kubadilisha simu, Mama Nyaga alikuja na buti zake zile zile. Nikaiwasha ile mpya, nikamhamishia majina, nikamkabidhi.

"Hii nayo haijipigii?"

"Haijipigii, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuniamini. Akanitaka namba yangu, akanipigia palepale, simu yangu ikalia, akakata. Kisha akaitumbukiza kifuani na kutoka nje. Siku hiyo, kwa bahati, hata Embu jua lilikuwa limetoka. Akasimama katikati ya uwanja, akageuka akanitazama kupitia kioo cha duka, macho kwa macho, akaanza kuongea. Aliongea kwa muda mrefu. Mkono ulikuwa unanionyesha mimi, mara nywele zangu, mara kiti changu kinachozunguka, na wapita njia wawili walisimama wakasikiliza wakaziba midomo.

Halafu akarudi ndani.

"Umesikia chochote?"

Nikatazama simu yangu. Ilikuwa kimya.

"Sijasikia kitu, Mama Nyaga."

"Basi ni nzuri," akasema, akanipa mkono, akaenda zake.